Ukurasa wa Mama Salome

Vijana wa usharika wetu hapa Maili Moja wana mtindo wa kuniuliza niliokoka lini. Wanataka mwaka, mwezi, na ikiwezekana saa, kana kwamba wokovu ni basi la Morogoro na kila abiria hana budi kukumbuka alipandia kituo gani. Wao wenyewe wanazijua saa zao, wanazitaja mbele ya watu bila kusita, wala siwacheki. Mimi nikiulizwa hujibu kwamba sijui, na nimewaona wakitazamana, wakidhani bibi ameanza kusahau. Sijasahau kitu. Jibu langu ni refu tu, lina ugali wa yanga ndani yake na mtoto aliyekufa, na si la kusimuliwa haraka haraka wakati kwaya imeshasimama kuimba. Mwaka huu lilinirudia lote kwa mpigo, baada ya simu kutoka Kisarawe.

Nilikuwa nimekaa barazani nachambua mchele. Aliyepiga ni Yohana, mjukuu wa Mama Salome, kijana ambaye kwa kawaida hunipigia sikukuu tu. Akaniamkia, "Shikamoo bibi," nikaitikia, "Marahaba baba, mbona sauti hiyo?" Akasema, "Bibi amepumzika. Alfajiri." Nikamwambia pole, naye akaniambia pole, maana alijua bibi yake alikuwa nani kwangu. Halafu akasema, "Kuna neno aliacha. Alisema siku ya mazishi Injili usome wewe, habari ya binti wa Yairo, na usome katika Biblia yake ileile ya zamani. Tena akasisitiza, mwambieni Paulina afunue ukurasa. Sisi hatukumwelewa, tukajua ni homa." Nikamjibu kwamba mimi nimemwelewa. Nilidhani nimemwelewa. Niliweka simu chini, ungo ukiwa bado mapajani, nikalia mpaka jirani akaja kuniuliza kuna nini.

Nyumba ile ya Kisarawe haipo tena, lakini naweza kuizunguka nikiwa nimefumba macho. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimemaliza darasa la saba, na nilikaa kwa Mama Salome mwaka mzima ili nihudhurie mafundisho ya kipaimara. Nilifikaje kwa watu ambao si ndugu zangu ni habari nyingine, wala haitusaidii hapa. Kijiji kilikuwa kipya. Watu walikuwa wametolewa kwenye mashamba yao ya mikorosho, kila mmoja alikokuwa amezoea kuishi mbali na kelele za mwenzake, wakapangwa kando ya barabara kwa mistari iliyonyooka. Mama Salome hakuipenda mistari ile. Alisema mtu akipiga chafya nyumba ya kwanza, wa nyumba ya mwisho anamwambia afya. Kuta zilikuwa za udongo ambao haujakauka vizuri, zimepasuka kabla hazijapakwa chokaa, na chumba nilicholala na Salome kilitengwa na chumba cha wazazi wake kwa ukuta usiofika juu. Yote yaliyosemwa upande mmoja yalisikika upande wa pili. Mimi nimesikia mengi katika nyumba ile bila kutega sikio.

Mwaka ule mvua ziligoma. Mahindi yaliungua yakiwa yamefika magotini, na serikali ikaleta unga wa njano kutoka nje, ule tuliouita yanga. Tulipanga foleni duka la kijiji, tukarudi nao, tukasonga ugali uliokuwa na rangi nzuri ya kiini cha yai na harufu ya gunia. Tuliula na kisamvu, tuliula na mlenda, na siku nyingine tuliula na chumvi. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Pazi, alikuwa Mwislamu mpole mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na kila asubuhi alipita mlangoni akiita, "Nyumba kumi! Nyumba kumi, shambani!" Watu walitoka na majembe kwenda shamba la kijiji wakiwa hawajatia kitu tumboni. Mama Salome naye alitoka, lakini kabla ya kutoka aliingia kwanza chumbani kwetu kumtazama mwanawe.

Salome alikuwa na miaka kumi. Alikuwa mwembamba mno, macho yake yana rangi ya njano, na kila baada ya majuma machache viungo vilimuuma hata akawa hawezi kuguswa. Waganga wa hospitali walisema damu yake inakwisha mwilini, wakampa vidonge na kuwaambia wazazi wamlinde na baridi. Kisarawe kuna ukungu asubuhi, na baridi yake si ya mchezo. Kumlinda mtoto na baridi katika nyumba yenye nyufa ni kazi, lakini mama yake aliifanya, kwa kanga zake mwenyewe, yeye akabaki na moja. Maumivu yakimwacha, Salome alikuwa mchokozi. Alimwigiza Mzee Pazi, aliigiza kikohozi cha mwinjilisti, na alikataa yanga akisema yeye si panya wa ghalani. Nilimpenda kama mtu anavyompenda mdogo wake anayemsumbua usiku kucha kwa maswali. Shule alikuwa amekwenda kidogo tu, ugonjwa ukamrudisha.

Mchana, watu wakitoka shambani, palikuwa na kisomo cha watu wazima kwenye kibaraza cha ofisi ya kijiji. Mama Salome hakukosa hata siku moja. Wenzake walikwenda kwa kuogopa balozi, wakasinzia. Yeye alikaa mbele na kipande chake cha chaki. Alikuwa na sababu. Mumewe alifanya kazi kwenye mitambo ya maji kule Ruvu na alirudi mwisho wa mwezi tu. Biblia ilikuwa ya mume, aliyoipata alipobatizwa, na akiwa nyumbani aliisoma kwa sauti ya mtu anayehesabu magunia, anakata anapotaka, anaruka anapochoka. Mama Salome aliniambia siku moja tukitwanga, "Mimi miaka yote hii nasomewa, Paulina. Kusomewa ni kama kutafuniwa. Nataka nitafune mwenyewe."

Siku aliyotafuna mwenyewe ilikuwa Jumamosi baada ya chakula. Mimi nilikuwa uani nasugua sufuria kwa majivu, dirisha la chumba chetu likiwa juu ya kichwa changu. Nilikuwa nimeiacha Biblia wazi kitandani, mahali tulipofundishwa juma lile, habari ya Yairo na binti yake aliyekuwa akifa. Nikamsikia Mama Salome akimsomea mwanawe. Alisoma kidole kwa kidole, silabi kwa silabi, anakosea, anarudi, anavuta pumzi. Habari yenyewe aliijua, kila mtu aliyekaa kanisani anaijua: watu wanalia nyumbani kwa Yairo, Yesu anaingia, anamshika mtoto mkono. Lakini maneno hakuwa amewahi kuyasoma. Sufuria ikanisimama mkononi, maana nilitaka afike. "Ta... li... ta. Talita. Ku... mi. Kumi." Kisha nikamsikia akiuliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, "Salome, wewe una miaka mingapi?" "Kumi, mama." Mama yake akatoka uani ameibeba Biblia wazi kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba sinia la wageni. "Paulina mwanangu, njoo uone. Ameandikwa. Mtoto wangu ameandikwa humu."

Nilitazama. Katika Biblia ile maneno hayo mawili yalikuwa yameangukia mstari wa mwisho kabisa, chini ya ukurasa. Tafsiri yake iko palepale katika habari, haijifichi, lakini ili uifikie ilikuwa lazima ufunue. Mimi nilikuwa nimefunua. Mwinjilisti wetu, Zakaria, alikuwa ametufundisha juma lilelile kwamba hiyo ni lugha ya kwao Yesu, kwamba Talita ni binti na kumi si hesabu, ni neno la kumwambia mtu ainuke. Tulicheka darasani, tukawa tunaambiana kumi, kumi, mtu akichelewa kusimama. Mdomo wangu ulikwisha kufunguka nimwambie. Lakini Mama Salome alikuwa amekwisha kuifunga Biblia kifuani, na akasema maneno ambayo yaliufunga mdomo wangu. "Nimefika hapa leo, na hapa nasimama. Sifunui. Siku Salome akitembea mwenyewe kwa miguu yake mpaka kanisani, ndiyo siku nitafunua ukurasa nisome alivyopona." Ilikuwa nadhiri, na kwa watu wale nadhiri haikuwa kitu cha kuchezea. Nikarudi kwenye masizi yangu.

Mwisho wa mwezi Baba Salome alikuja, na wakati wa kuota moto jioni nikawasikia upande wa pili wa ukuta. "Lakini mama Salome, mbele huko wanasema mtoto yule alikuwa wa miaka kumi na miwili. Nakumbuka mimi." Mama Salome hakukasirika. "Nitafika huko. Mimi nasoma taratibu." Kisha akaongeza, "Tena vizuri. Kumi anaitwa. Kumi na mbili anatembea. Ina maana miaka miwili ijayo anayo." Mume akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka kulia, akasema, "Haya, msomi." Sikumsikia akilirudia tena jambo hilo. Siku zile Mama Salome alikuwa amepata kibaba cha mchele kutoka kwa ndugu yake wa Mlandizi na badala ya kuupika aliufungia kwenye kopo la maziwa, akaliweka juu ya kenchi, chini ya makuti. Mchele ule, katika mwaka ule, ulikuwa wa siku ya kufunua ukurasa.

Basi kila asubuhi, kabla Mzee Pazi hajafika na nyumba kumi zake, Mama Salome aliingia chumbani, akainama juu ya kitanda cha kamba, akasema, "Talita, kumi." Akiwa na maana: binti yangu wa miaka kumi, uliyeandikwa. Ilikuwa salamu yake. Salome alipenda, akaitika, "Abee mama." Siku ya tatu au ya nne, mama yake alipokwenda shambani, akaniuliza, "Dada Paulina, Talita ni jina la nani?" Nikamwambia si jina, maana yake ni binti. "Na kumi?" Sikuona sababu ya kumdanganya mtoto. Nikamwambia kumi kwa lugha ya kule ni inuka. Akalala akitazama makuti, akafikiri. Nilidhani atacheka, kwa kuwa alikuwa mtu wa kucheka. Akasema, "Kwa hiyo mama ananiambia niinuke na yeye hajui." Nikasema ndiyo. "Usimwambie, dada. Amesoma mwenyewe. Mwache."

Kesho yake mama alipoingia na kusema "Talita, kumi," Salome aliegemea kiwiko, akajivuta, akakaa. Mama yake akafurahi, akadhani usiku umekuwa mzuri. Na kesho yake vilevile. Siku za maumivu alikaa huku ameuma kanga kwa meno, jasho linamtoka juu ya mdomo, na mama alipogeuka kwenda zake ndipo alipojiachia akaanguka. Nilimwambia, "Salome, si lazima." Akanijibu, "Si nimeambiwa?" Mimi nilikuwa nakwenda mafundisho, nimekariri amri na sala na imani, nikiulizwa najibu bila kukwama. Lakini kutii nilikuona kwenye kile kitanda cha kamba, na nilikuwa na aibu kulala pembeni yake.

Katikati ya mwaka baba yake akasema tumpeleke upande wa Kibaha, akapimwe na madaktari wa huko. Tukaondoka na lori la mkaa mpaka Mlandizi, Salome amelazwa juu ya magunia matupu, mama ameshika kichwa, mimi miguu. Juma zima tulikaa Ruvu katika chumba cha Baba Salome, chumba cha mtu mmoja, tukilala wanne. Usiku na mchana mitambo ilinguruma ikisukuma maji kwenda Dar es Salaam. Salome alitaka kujua maji hayo yananywewa na nani, na kwa nini sisi tunaoyasikia tunapita hapo nje kwenda kuchota mtoni kwa ndoo. Baba yake akasema, "Mwanangu, mimi kazi yangu ni kufungua na kufunga. Yanakokwenda siyajui." Madaktari walimpa damu, akapata rangi siku chache, akala samaki wa Ruvu mpaka kwenye mifupa. Tuliporudi Kisarawe alitembea kutoka kitandani mpaka mlangoni, akashika mhimili, akamwita Mzee Pazi aliyekuwa anapita, "Balozi, mbona nyumba ni kumi tu?" Mzee Pazi alisimama, akaweka jembe chini, akamwambia mama yake kwamba Mungu si Athumani. Mama Salome akatazama juu kwenye kopo la mchele. Wote tulitazama.

Hakufika kanisani. Vuli ilipoanza, homa ikaja pamoja na mvua, na nyumba ikavuja palepale tulipokuwa tumehamishia kitanda ili isituvujie. Asubuhi ya mwisho mama yake aliingia kama kawaida, akainama. "Talita, kumi." Salome alifumbua macho. Nilikuwa nimekaa miguuni pake nikaona kiwiko kikitafuta kamba, kikaipata, kikajaribu. Bega likainuka kidogo tu. Mama akasema, "Pumzika mwanangu, pumzika," akamlaza, akamfunika. Yeye aliona mtoto anahangaika kwa homa. Mimi niliona kitu kingine, na sikuwa na mtu wa kumwambia. Mvua haijakatika akawa ameshatuacha.

Madukani nguo hazikuwapo. Kitambaa changu cheupe cha gauni la kipaimara, nilichokipata kwa foleni ya siku nzima, kilikuwa bado hakijakatwa, na ndicho alichovikwa Salome. Walimzika chini ya mikorosho, kwenye shamba lao la zamani, kwa kuwa makaburi yalikuwa hayajahamishwa na mtu. Mzee Pazi alichimba pamoja na Wakristo. Kwenye matanga Mwinjilisti Zakaria alikuja, akaketi mkekani, akaiomba Biblia ya nyumba, nayo ikafunguka yenyewe kwenye ukurasa ule kwa jinsi ulivyozoea kufunguliwa. Akaanza kusoma hapo hapo, masikini, nadhani alitaka kufariji. Alipofika chini akashika pembe ya karatasi afunue. Mama Salome akanyoosha mkono akauweka juu ya ukurasa, vidole vyote vimetandaa. "Hapo. Usifunue." Mwinjilisti akamtazama, akamrudishia Biblia. Hakuna aliyesoma tena mpaka matanga yalipoanuliwa.

Mimi niliacha mafundisho. Sikugombana na mtu, niliacha tu kwenda. Nilijiambia kwamba kitabu kinachosema mtoto aliambiwa akainuka hakikufika kwetu, kiliishia kwenye mitambo fulani kikaelekezwa kwa watu wengine. Jumamosi moja nilitumwa kupeleka ufunguo wa kanisa kwa Mwinjilisti Zakaria, nikamkuta uani kwake anaziba pancha ya baiskeli, ameuzamisha mpira kwenye karai la maji anatafuta mapovu. Nikamwamkia, akaitikia bila kuuliza nilikuwa wapi siku zote hizo. Nikamuuliza nikiwa nimesimama, "Mwinjilisti, mbona kule aliinuka, na Salome hakuinuka?" Nilikuwa nimejiandaa kwa majibu yote. Nilijua atasema ni mapenzi ya Mungu, au kwamba Mungu humchuma anayempenda, na nilikuwa na hasira ya kutosha kwa yote mawili. Aliendelea kuugeuza mpira majini. "Sijui, Paulina."

Sikuwa nimewahi kusikia mtu wa kanisa akisema sijui. Akasema tena, safari hii akinitazama, "Nimezika watoto wengi tangu yanga ianze kuja. Kila mmoja nilimwombea ainuke, na niliomba kwa kweli. Sijui." Povu likatokea, akaweka kidole. Nikamuuliza, "Kesho utapiga kengele?" Kengele yetu ilikuwa ringi ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa, inagongwa kwa nondo. Akasema, "Nitapiga." Hakuniambia njoo. Usiku ule nilikaa macho nikijiambia hatapiga, mtu asiyejua hawezi kupiga. Asubuhi ringi ikalia, ileile, na mimi nikajikuta nimesimama katikati ya chumba, nimeshika kanga. Vijana wangu wa Maili Moja, kama mnataka saa, labda ilikuwa ile. Lakini siwezi kuapa. Kwa muda mrefu baadaye nilikwenda kanisani kumwangalia yule mtu tu, nione ataendeleaje.

Mafundisho nikayamaliza, na siku ya kipaimara wenzangu walivaa meupe. Mimi nilivaa kitenge cha Mama Salome, amenifunga mwenyewe, akakaza fundo kiunoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nilipotoka madhabahuni nilimwona amekaa benchi la nyuma. Nyumbani nikasikia harufu kabla sijafika mlangoni. Alikuwa amelishusha kopo kutoka kwenye kenchi, ameupika mchele wote, hakubakiza. Akaniwekea sahani, akakaa mbele yangu bila kula. "Kula." Nikala. Nilimaliza sahani yote, kwa sababu alikuwa ananitazama.

Mwaka ukaisha nikaondoka. Nikaolewa, nikahamia Kibaha, nikazaa, nikazika mume. Kwa Mama Salome nilikwenda kila nilipoweza. Alipata cheti chake cha kisomo, akakitundika ukutani. Alipata mtoto mwingine wa kiume, akapata wajukuu, akawasomea Zaburi na habari za Yusufu kwa sauti nzuri isiyokata wala kuruka. Habari ya Yairo hakuisoma, wala mimi sikuitaja, na ile siri ya Salome niliihifadhi. Niliona ndicho kitu pekee nilichoweza kumfanyia mama yake: asijue kwamba kila asubuhi, bila kukusudia, alikuwa akimwamuru mtoto mgonjwa akae, na mtoto akikaa.

Kanisa la Kisarawe siku hizi ni la matofali, na siku ya mazishi lilijaa. Mchungaji, kijana mdogo, aliniletea Biblia, akaninong'oneza kwamba kurasa zimelegea nishike kwa uangalifu. Jalada lilikuwa limeshonewa kanga kuukuu. Watu wakasimama kusikiliza Injili. Ikafunguka yenyewe. Ukurasa ulikuwa mweusi kwa kidole, kama nilivyojua, na nikasoma taratibu, sikutaka kufika. Nilikuwa na hakika kwamba nimemwelewa: sasa yeye na Salome wako pamoja, nadhiri imekwisha, anataka mtu amfunulie ukurasa ambao yeye hakuufunua maisha yake yote. Nilitegemea kuuona mweupe. Nikafika mwisho. Talita, kumi. Nikashika pembe ya karatasi, nikafunua.

Haukuwa mweupe. Mstari wa juu ulikuwa umepitiwa na kidole kilekile, mara nyingi sana, miaka mingi, mpaka karatasi ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu, na pale palipokuwa na neno lenyewe la tafsiri palikuwa hapasomeki kabisa. Alikuwa amelifuta kwa kuligusa. Sijui alifunua lini, labda mwaka uleule, labda mimi nikiwa bado nakula mchele wake. Alikuwa anajua. Alijua alichokuwa akimwambia mwanawe kila asubuhi, na alijua kile kiwiko kilichokuwa kikitafuta kamba kilikuwa kinafanya nini. Nami nikimlinda asijue, naye, nadhani, akinilinda mimi.

Watu walikuwa wamesimama wananingoja, mchungaji akageuka kunitazama akidhani nimepotea mstari. Kitabuni neno lile halikuwapo tena, ikabidi nilitoe mwenyewe. Nikalisema, inuka, kwa sauti iliyosikika mpaka benchi la nyuma, kisha nikasoma iliyobaki, mpaka pale wanapoambiwa wampe mtoto chakula.